Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia: Mwaka wa kwanza wa dereva wa lori

Juu ya Kitonga, kabla barabara haijaanza kuporomoka kuelekea Ruaha Mbuyuni, mzee aliyekuwa akinifunza kazi aliniambia niweke gari pembeni. Tulikuwa tumebeba shaba kutoka Zambia, tunaishusha bandarini Dar es Salaam. Mzee akashuka na tochi, ingawa jua lilikuwa bado halijazama, akazunguka kichwa na tela, akamulika mipira ya upepo, akainama kusikiliza kama kuna unaovuja, akasogeza kiganja karibu na kila ngoma ya breki kuona kama imepata moto. Alipopanda aliniuliza: "Mwanangu, wakati wa kwenda mlima huu uliupanda na gia ya ngapi?"

Nikamtajia.

"Basi gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Iingize sasa hivi, na usije ukaitafuta nyingine katikati ya mlima."

Tukaanza kushuka kwa mwendo wa baiskeli. Nyuma yetu magari yakajipanga, mabasi yakapiga honi, na mimi nikaona aibu. Mguu wa kulia ulikuwa unawasha, unaitaka breki kila kona. Kila ulipoelekea huko mzee alisema neno moja tu, "Injini," maana yake niiache injini ishike gari, breki niiguse pale inapobidi. Asiyewahi kuendesha gari kubwa huenda halijui jambo hili: breki za lori zikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto, na zikishapata moto hazishiki tena, hata ukikanyaga mpaka sakafuni. Aliyeanza kushuka na gia ya juu hugundua hivyo akiwa amechelewa.

Tulipofika chini wachuuzi wa vitunguu wakakimbilia dirishani. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwenye usukani. Mzee alinunua mfuko mmoja, akauweka nyuma ya kiti, akasema, "Leo umefanya kazi." Hakuongeza kitu.

Niliendesha malori miaka 11 kabla ya kushika kalamu, na maneno yale matatu yalinibeba safari nyingi. Leo vijana, wa kiume na wa kike, wanaihangaikia leseni ya daraja E, lile la magari makubwa ya mizigo. Nikikutana nao, swali lao kubwa halihusu mshahara. Wanauliza mtu anakaaje na moyo katika kazi ambayo mwanzoni inamvunja moyo kila siku. Makala haya ni jibu langu kwao, na kwa wale wanaowasubiri nyumbani.

Uwanjani, kinyumenyume

Daraja E halipatikani kwa mkupuo. Kijana huanza na madaraja ya chini, akakaa nayo, ndipo asomee magari makubwa. Wengi hupitia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo jijini Dar es Salaam, au vyuo vya VETA mikoani, kisha huja mtihani wa polisi wa usalama barabarani. Na tangu sheria iliyounda Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipotungwa mwaka 2019, dereva wa gari la biashara anatakiwa athibitishwe na mamlaka hiyo pia. Kwenye karatasi ni hatua chache. Kwa anayezipitia ni miezi ya kujiona mjinga mbele ya watu.

Kinachowaangusha wengi ni kurudi nyuma na tela. Gari dogo ukitaka nyuma yake iende kulia, unazungusha usukani kulia. Semi ni kinyume chake: ukizungusha kulia, tela linakwenda kushoto. Ukizidisha, kichwa na tela vinakunjana kama kiwiko, na hapo hakuna namna tena. Uwanjani kwetu yaliwekwa mapipa mawili, tuingize tela katikati. Niliyagonga siku ya kwanza, ya pili na ya nne. Wenzangu waliokuwa wamekaa utingo miaka mingi waliingiza mara moja, wakashuka wakipangusa mikono.

Siku ya sita mkufunzi alinishusha garini. Akaokota vipande viwili vya mti, kifupi na kirefu, akaviunganisha kwa waya, akaviweka juu ya meza, akaniambia nivisukume kwa kidole kuelekea nyuma. Nilivisukuma karibu nusu saa, kidole kikienda huku na kipande kirefu kikienda kule, mpaka macho yakaelewa kile ambacho mikono ilikuwa inakikataa. Kesho yake tela liliingia. Halikuingia vizuri, lakini mapipa yalibaki yamesimama.

Kwa hiyo kijana, ukiona wenzako wamekutangulia uwanjani, usijihukumu. Anayechelewa kujua kurudi nyuma si lazima awe dereva mbaya, na anayewahi si lazima awe mzuri. Ukiona tela linapotea, vuta mbele, nyosha gari, anza upya. Usipoona vizuri, vuta breki ya mkono, shuka ukaangalie kwa macho yako. Madereva wa miaka 20 hufanya hivyo bandarini kila siku na hakuna anayewacheka. Mgeni ndiye anayeona haya kushuka, na haya hiyo ndiyo inayogonga ukuta.

Gari chakavu, safari fupi

Leseni ikishapatikana, wengi hudhani barabara imefunguka. Hakuna tajiri anayemkabidhi mgeni semi mpya. Utaanza utingo: kufunga turubai, kukaza mikanda ya mzigo, kubadili tairi usiku, kupika, kulinda gari. Baadaye utapata deiwaka, dereva mwenye gari akiumwa au akienda msibani. Ukipewa gari lako mwenyewe litakuwa lile lililokataliwa na wote, la kubeba makontena kutoka bandarini kwenda bandari kavu na kurudi. Hela yake ni ndogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kipato cha dereva iko kwenye posho na mileji ya safari ndefu.

Wakati huohuo simu inakuonyesha wenzako uliosoma nao. Huyu kapiga picha Lubumbashi, yule kasimama mbele ya semi inayong'aa. Wivu huingia kimyakimya hapo, na ukishaingia unazaa haraka.

Mzee wangu alinifunza kujipima, na alitumia mizani kunifundisha. Kwenye barabara ya Tunduma tunapimwa Vigwaza, tunapimwa Mikese, tunapimwa Wenda, Makambako, hata Mpemba karibu na mpaka. Tangu Machi 2019 Tanzania ilipoanza kutumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, gari na mzigo wake halitakiwi kuzidi tani 56. "Mizani," aliniambia, "haiulizi jirani yako kabeba nini. Inakupima wewe, ekseli kwa ekseli."

Akanitaka kila jioni nijiulize mambo matatu: gari ni zima? Mimi ni mzima? Leo nimejifunza nini? Nilinunua daftari dogo la shule nikawa naandika. Ukurasa mmoja ninao mpaka leo: "Nimeuliza njia ya kuingilia, nimeelekezwa. Sijagonga kitu. Taa ya nyuma kushoto ilikuwa haiwaki, nimebadili globu." Ni mambo ya kawaida kabisa. Ila siku nilizoamka nikiwa sitaki hata kuuona usukani, nilifungua kurasa za nyuma nikaona kwamba mtu aliyekuwa hajui kufunga turubai mwezi wa pili, mwezi wa tano alikuwa anamfundisha mwingine. Dereva mpya akijipima kwa kipato na mwendo wa mkongwe, kila jioni atakuwa ameshindwa. Akijipima kwa alivyokuwa mwezi uliopita, ataona anapanda.

Foleni ya Tunduma

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, hadi Kasumbalesa, mpakani na Kongo, ni takribani 1,000 nyingine. Wengi hudhani ugumu wa kazi uko kwenye kilomita hizo. Mimi nasema ugumu uko kwenye kusimama. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 na kimepunguza adha, lakini mfumo ukikwama au nyaraka zikichelewa, malori bado hujipanga kilomita na kilomita. Unasogea urefu wa gari moja, unazima. Unasogea tena, unazima. Siku ya tatu posho imepungua, maji yamekwisha, na hakuna wa kumlaumu usoni.

Foleni yangu ya kwanza nilikaa ndani ya kichwa nikiwa nimenuna, milango imefungwa. Siku ya pili utingo wa gari la mbele aligonga mlango akiomba kiberiti. Akaniona hali yangu, akasema, "Kaka, shuka bwana, huku nje kuna watu." Nilishuka. Ubavuni mwa tela, kwenye sanduku lao la vyombo, walikuwa wamewasha jiko, sufuria ya ugali inachemka, dagaa wameshakaangwa na nyanya za Ilula. Tulikula watu watano sinia moja. Katika mazungumzo ya saa mbili nilijifunza mambo ambayo hayakuwamo katika somo lolote: kwamba ukivuka Nakonde saa inarudi nyuma kwa saa moja, kwamba upande ule maneno machache ya Kibemba hufungua nyuso za watu, kwamba Kongo wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo ukiingia Kasumbalesa uende polepole mpaka macho yazoee, na kwamba huko Kiswahili kitakupokea, ingawa ni Kiswahili cha Katanga na utakisikiliza mara mbili.

Tangu siku hiyo nikawa na kazi za foleni. Naanika godoro. Nafua. Nakagua tairi moja moja. Nasoma. Nawapigia watu simu. Foleni haikupungua hata mita moja, lakini haikunila tena.

Na barabara hii ina wazee wake, ni vizuri kuwakumbuka. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini haiaminiki tena. Mafuta yakaanza kupanda na shaba kushuka kwa malori kupitia Tanzania, miaka kumi kabla reli ya TAZARA haijakamilika. Barabara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na ilivunja magari na watu mpaka waandishi wa Kizungu wakaiita njia ya jehanamu. Waliopita humo ndio waliotuachia desturi ya kutompita mwenzio aliyekwama bila kusimama kumuuliza. Nikiwa nimezama kwenye tope la kipande kinachotengenezwa, niliwafikiria hao, nikajua sijafika mahali ambapo binadamu hakuwahi kutoka.

Usingizi hauna mbabe

Kuna moyo wa kujipa na kuna mwili wa kulala, na wa kwanza hauwezi kuziba pengo la wa pili. Watafiti nchini Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Sheria yetu inaruhusu lori kwenda kilomita 80 kwa saa nje ya makazi. Kwa mwendo huo, ukisinzia sekunde tatu tu umekwenda zaidi ya mita 65 bila dereva.

Nililijua hilo ndani ya Mikumi, kwenye zile kilomita 50 hivi za barabara inayokata hifadhi. Nilikuwa nimekunywa vinywaji vya kuchangamsha, nimefungua dirisha, naimba peke yangu. Mara nikaona tembo katikati ya barabara, nikakanyaga breki, gari likasimama likinguruma. Hapakuwa na tembo. Ubongo ulikuwa umeanza kuota macho yakiwa wazi. Nilisogea taratibu mpaka nikatoka hifadhini, nikapaki, nikampigia bosi simu nikamwambia nitachelewa. Alifoka. Nililala saa nne nzima. Mzigo ulifika na mimi nikafika.

Kijana, hasira ya bosi hupoa. Na nimegundua kwamba sehemu kubwa ya huzuni tunayoiita kukata tamaa ni uchovu tu. Jambo linaloonekana halina suluhu saa nane usiku, likilaliwa linakuwa dogo saa moja asubuhi. Usiache kazi usiku. Lala kwanza, ule, uoge, ndipo uamue.

Wanaosubiri nyumbani

Mwanangu wa kwanza alipiga hatua zake za mwanzo mimi nikiwa Kapiri Mposhi, Zambia. Mama yake alinipigia, nikasikia vishindo na vicheko, nikashindwa kusema. Upweke wa dereva una uzito wake, na ndio unaowapeleka wengi kwenye pombe na kwenye mapenzi ya vituoni. UKIMWI ulizika madereva wengi wa kizazi kilichonitangulia. Hilo lisemwe waziwazi kila anapokabidhiwa kijana funguo.

Mimi na mke wangu tuliwekeana utaratibu: simu haipokelewi gari likitembea, nikipaki jioni, nampigia kabla sijala. Simu ya dakika kumi. Namweleza nilipo, ananieleza ya nyumbani, mazuri na mabaya. Alikuwa ananificha shida ili nisipate mawazo barabarani, nikamwomba asifanye hivyo, maana nyumba inayofichwa shida zake inakuwa ngeni. Wanaobaki nyumbani nao wako mwaka wa kwanza, na kwao hakuna chuo.

Moyo mkunjufu si kukubali kuonewa

Kuna watu wakisikia "kaa na moyo" wanaelewa "vumilia kila kitu". Hapana. Mwaka wangu wa kwanza tajiri mmoja alinikata mishahara ya miezi miwili kwa ajili ya kioo kilichopasuliwa na jiwe barabarani, na sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha tulikubaliana nini. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni. Nilikosea kunyamaza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori walisimamisha magari nchini. Baadhi ya malalamiko yao yalikuwa mikataba ya ajira, na sharti la kurudi chuoni kila wanapohuisha leseni. Waliosimama siku zile walitusaidia tuliokuja nyuma kulitamka neno mkataba bila kutetemeka. Kwa hiyo uliza mkataba kabla ya kuuliza funguo. Uliza michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Kataa kwa adabu gari lisilo na breki, na ukikataa, andika tarehe na sababu. Mtu anayejua haki zake hufanya kazi akiwa ametulia kuliko anayeishi kwa kuomba huruma.

Na ukifanya kosa, maana utalifanya, liseme mwenyewe kabla halijasemwa. Niligonga nguzo ya geti moja mwezi wa tatu. Niliteremka, nikapiga picha, nikamwita mwenyewe. Nilipoteza hela. Ila tangu siku ile yule mwenye gari akawa ananiamini, na mwezi wa tisa ndiye aliyenipa safari ya kwanza ya Kongo.

Neno kwa wakongwe

Mwaka wangu wa kwanza ulimalizika bila sherehe. Niligundua umepita nilipokuwa Makambako nachukua chai, kijana mmoja akaja na kusema, "Samahani mzee, Kitonga inashukwaje?" Nilikuwa na miaka 27. Nikageuka nyuma kuangalia anamuuliza nani.

Nilimkalisha, nikamwagizia chapati, nikamweleza kila nilichoelezwa mimi. Tuliondoka pamoja, yeye nyuma yangu, na juu ya Kitonga tukapaki wote wawili tukazunguka magari yetu kwa zamu. Nikamuuliza alipanda na gia ya ngapi.

Sikuokoka mwaka ule kwa ushujaa wangu. Niliokolewa na mzee mwenye tochi, mkufunzi mwenye vipande vya mti, na utingo aliyekuja kuomba kiberiti. Hakuna hata mmoja wao aliyenihubiria kuhusu matumaini. Kila mmoja alinionyesha jambo moja dogo la kufanya baada ya pale. Kwa hiyo ombi langu la mwisho nalielekeza kwenu mlio barabarani miaka mingi. Jioni ya leo, Mikese au Makambako au Tunduma, kuna mgeni amepaki nyuma yako, amefunga milango, anafikiria kurudisha funguo. Gonga mlango wake. Mwambie ashuke, mle.